Namba 1,889,773: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu matokeo ya Sensa ya 2022 yatangazwe, namba hii imenukuliwa kila inapozungumzwa Zanzibar: madarasa, maji, vituo vya afya. Hapa tunaishughulikia yenyewe kama namba. Inagawika kwa ngapi? Ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Kila kinachodaiwa hapa chini mwanafunzi wa skuli anaweza kukihakiki kwa kalamu na daftari, na ninaomba afanye hivyo kweli, maana utamu wa namba kubwa haupatikani kwa kusoma jibu la mwenzako.

## Mambo ya mwanzo

Namba 1,889,773 imetoka wapi?

Ni idadi ya watu wa Zanzibar kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na matokeo yakatangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Tanzania nzima ilikuwa na watu 61,741,120, na kati yao 59,851,347 walikuwa Tanzania Bara.

Kwa visiwa, Unguja ilikuwa na 1,346,332 na Pemba 543,441. Kwa jinsia, wanawake 974,281 na wanaume 915,492. Jumlisha jozi yoyote kati ya hizo mbili, utarudi palepale: 1,889,773.

Inasomwaje?

Milioni moja, laki nane na themanini na tisa elfu, mia saba sabini na tatu. Ukiiandika kwenye kikokotoo cha simu, acha mikato: andika 1889773. Mikato ni ya kumsaidia msomaji tu.

Ni shufwa au witiri?

Witiri, kwa kuwa inaishia na 3. Lakini jambo hilo dogo linatueleza zaidi ya linavyoonekana. Namba witiri haiwezi kuwa jumla ya namba mbili zinazolingana, kwa hiyo hata kabla hujaona takwimu za jinsia ungejua kwamba wanawake na wanaume wa Zanzibar hawakuwa sawa kwa idadi usiku ule. Ungejua pia kwamba katika Unguja na Pemba, kisiwa kimoja kina idadi shufwa na kingine witiri, kwa sababu shufwa mbili hutoa shufwa, na witiri mbili nazo hutoa shufwa. Angalia mikia: Unguja inaishia na 2, Pemba na 1.

## Kugawika na namba tasa

Njia za haraka za kugawa zinasema nini?

Zinakataa zote. Haigawiki kwa 2 wala kwa 5, mkia wake hauruhusu. Kwa 3 na 9 tunajumlisha tarakimu: 1+8+8+9+7+7+3 = 43. Ukigawa 43 kwa 3 inabaki 1, kwa 9 inabaki 7, na mabaki hayohayo ndiyo utakayoyapata ukigawa namba nzima. Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzao wote huacha baki 1 wakigawanywa kwa 9, kwa hiyo kila tarakimu inachangia thamani yake tu kwenye baki.

Kwa 11, jumlisha na kutoa kwa zamu kuanzia kulia: 3−7+7−9+8−8+1 = −5. Si sifuri wala si kigawe cha 11, basi haigawiki. Kwa 7 ni rahisi zaidi kugawa tu: 7 × 269,967 = 1,889,769, baki 4.

Basi ni namba tasa?

Hapana. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wengi huapa kwamba ni tasa baada ya kujaribu namba kumi au kumi na tano. Jibu ni hili:

1,889,773 = 239 × 7,907

Kuhakiki kwa kichwa kunawezekana. Zidisha 7,907 kwa 240 upate 1,897,680, kisha ondoa 7,907 moja. Inabaki 1,889,773 kamili.

239 ni namba tasa ya 52. Maana yake namba yetu inakataa namba tasa zote 51 za mwanzo, kuanzia 2 hadi 233, ndipo inakubali. Kwa hiyo aliyeacha njiani simlaumu hata kidogo. Swali lifuatalo linaeleza jinsi ya kufika.

Nitavipataje vigawo hivyo kwa mkono?

Andika namba tasa kwa mpangilio: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Gawa kwa kila moja, chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe tena kwa kigawanyo, kisha toa. Ikibaki sifuri, umefika. Hakuna haja ya kujaribu 4, 6 au 9, kwani namba isiyogawika kwa 2 wala 3 haitagawika kwa hizo.

Njiani utakutana na mitego. 13 na 17 zote zinaacha baki 2. 23 inaacha baki 1, vilevile 41, vilevile 167. Mtego mbaya zaidi ni 227: kikokotoo kitakuonesha 8,324.99, na mtu mwenye haraka ataandika 8,325 na kushangilia. Zidisha urudi: 227 × 8,325 = 1,889,775. Imezidi kwa mbili. Ndiyo sababu nasisitiza kuzidisha kurudi nyuma badala ya kuamini desimali za kwenye kioo.

Baada ya 227 zimebaki hatua mbili tu za kukosa, 229 na 233. Kisha 239.

Kama isingegawika, ningelazimika kuendelea hadi wapi?

Hadi 1,374 tu. 1,374 × 1,374 ni 1,887,876, iliyo chini ya namba yetu, na 1,375 × 1,375 ni 1,890,625, iliyo juu yake. Namba isiyo tasa lazima iwe na angalau kigawo tasa kimoja kisichozidi kipeuo chake cha pili. Vigawo viwili vyote vikiwa 1,375 au zaidi, zao lao lingeipita namba yenyewe. Hadi 1,374 kuna namba tasa 220. Ni kazi ya mchana mzima kwa mkono, lakini ina mwisho.

Je, 7,907 nayo haigawiki zaidi?

Haigawiki. Kipeuo chake cha pili hakifiki 89, hivyo unajaribu namba tasa 23 tu, za mwisho zikiwa 79 na 83. Mbili zitakutania: 59 × 134 na 67 × 118 zote ni 7,906, pungufu kwa moja.

7,907 ni namba tasa ya 999. Inayofuata, 7,919, ni ya 1,000. Mimi kila nikilitazama hili nafurahi: idadi ya watu wa visiwa vyetu imebeba ndani yake namba tasa iliyosimama kwenye kizingiti cha elfu.

Vigawo vyake vyote ni vingapi?

Vinne: 1, 239, 7,907 na 1,889,773 yenyewe. Kwa lugha ya uwanjani, ukitaka kuwapanga watu wote wa Zanzibar wa usiku ule kwenye mistari iliyolingana bila mtu kubaki, huna njia ila mistari 239 ya watu 7,907, au kinyume chake. Ukiukataa huo, ubaki na mstari mmoja mrefu tu.

Ukijumlisha vigawo vilivyo chini yake (1 + 239 + 7,907) unapata 8,147, kidogo mno kulinganisha na namba yenyewe. Kwa hiyo haimo katika namba kamilifu kama 6 au 28, ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha namba.

Ingekuwaje kama mtu mmoja angepungua?

Hapa ndipo pananishangaza kuliko pote. Mtoto mmoja angechelewa kuzaliwa hadi asubuhi, tungekuwa na 1,889,772, na namba hiyo ni:

2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167

Idadi ya vigawo vyake inapatikana kwa kuongeza moja kwenye kipeo cha kila namba tasa, kisha kuzidisha: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Kutoka vigawo 48 hadi vinne, kwa tofauti ya mtu mmoja! Na sasa unaona kwa nini 23, 41 na 167 ziliacha baki 1 katika zoezi la kugawa: zilikuwa zinatuonesha jirani.

Jirani wa upande wa pili naye ana mali. Watu wawili zaidi wangetupa 1,889,775 = 3 × 3 × 5 × 5 × 37 × 227, yenye vigawo 36. Huyo ndiye aliyejificha nyuma ya mtego wa 227.

Namba zinazofuatana hazirithishani vigawo. Namba mbili zilizoachana kwa moja hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo utajiri wa moja haumfaidishi jirani.

Sensa ya 2012 ilikuwaje?

Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 27, basi inagawika kwa 9: ni 9 × 144,841. Tofauti ya sensa mbili ni watu 586,204.

## Unguja, Pemba na mikoa

Namba za Unguja na Pemba zinagawika vipi?

Unguja: 1,346,332 = 2 × 2 × 13 × 17 × 1,523. Pemba: 543,441 = 3 × 79 × 2,293. Zote mbili ni laini kuliko jumla yao. Ya Unguja inafunguka mapema kabisa, ya Pemba inaanza na 3 kisha inakufanyisha kazi hadi 79.

Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha visiwa viwili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa idadi zote mbili, ni ngapi?

Ni 1. Kwa kulinganisha orodha mbili hapo juu unaona hakuna namba tasa inayojirudia. Lakini ipo njia nzuri zaidi, isiyohitaji kuzivunja namba hizo kabisa.

Namba yoyote inayogawa Unguja na ikagawa Pemba, lazima igawe na jumla yao. Jumla yao ina vigawo vinne tu. Kwa hiyo KKS ya Unguja na Pemba ingeweza kuwa 1, 239 au 7,907, na si vinginevyo. Gawa Pemba kwa 239: inabaki 194. Gawa kwa 7,907: inabaki 5,765. Zote zimekataa, imebaki 1. Hatua mbili, kazi imekwisha.

Hoja hiyohiyo inafanya kazi kwa wanawake na wanaume. Gawa 915,492 kwa 239, inabaki 122. Kwa 7,907, inabaki 6,187. KKS ni 1 tena. Jumla yenye vigawo vichache inazibana sehemu zake hivi, na hii ndiyo faida halisi ya kujua kwamba 1,889,773 ni zao la namba tasa mbili.

Na mikoa miwili ya Pemba?

Kaskazini Pemba ina 272,091 na Kusini Pemba 271,350. Zimekaribiana sana, na hapo tunatumia tofauti badala ya jumla: kigawo cha pamoja lazima kigawe tofauti yao, ambayo ni 741 = 3 × 13 × 19. Tarakimu za kwanza zinajumlika 21, za pili 18, hivyo 3 inapita kote. 13 inaacha baki 1 kwenye 272,091, na 19 inaacha baki 11. KKS ni 3.

## Namba mraba

Je, 1,889,773 ni namba mraba?

Hapana, na huhitaji hesabu kulijua. Namba nzima ikizidishwa yenyewe haiishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8. Iko kati ya mraba wa 1,374 na wa 1,375, kama ilivyoelezwa kwenye swali la mpaka wa kujaribu.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya namba mraba mbili?

Haiwezi, na hapa hata walimu hujikwaa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alieleza kanuni hii: namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikika kama jumla ya namba mraba mbili, na inayoacha baki 3 haiandikiki. Mfano, 13 = 4 + 9, ila 7 imeshindikana. Leonhard Euler ndiye aliyekuja kuithibitisha karne iliyofuata.

Namba yetu inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 4. Mtu anafurahi, anaanza kutafuta, anatafuta hadi usiku. Hatapata. Kanuni ile ni ya namba tasa, na yetu si tasa. Kwa namba isiyo tasa tunatazama vigawo vyake: kama kuna namba tasa yenye baki 3 iliyotokea mara witiri, mlango umefungwa. 239 inaacha baki 3, na 7,907 pia inaacha baki 3, kila moja imetokea mara moja. Baki 1 ya namba nzima imetoka kwenye 3 × 3 = 9, ambayo ikigawanywa kwa 4 inabakisha 1. Sura ya nje ni nzuri, ndani kuna vizuizi viwili.

Na jumla ya namba mraba tatu?

Hiyo inawezekana: 1,372² + 75² + 42². Yaani 1,882,384 + 5,625 + 1,764. Namba zisizowezekana kwa tatu ni zile zinazoacha baki 7 zikigawanywa kwa 8, au zile zinazopatikana kwa kuzidisha hizo kwa 4 mara moja au zaidi. Yetu inaacha baki 5, imesalimika.

Na tofauti ya namba mraba mbili?

Kila namba witiri inaweza. Chukua vigawo viwili, tafuta nusu ya jumla yao na nusu ya tofauti yao. Kwa 7,907 na 239 tunapata 4,073 na 3,834, na kweli 4,073² − 3,834² = 16,589,329 − 14,699,556 = 1,889,773. Kwa jozi ya namba yenyewe na 1 tunapata 944,887² − 944,886². Njia ni hizo mbili tu, kwa sababu jozi za vigawo ni mbili.

Fermat aliitumia njia hii kutafuta vigawo: anza na 1,375, iinue kwa kipeo cha pili, toa namba yako, tazama kama kilichobaki ni mraba, la sivyo endelea na 1,376. Kwa namba yetu ungehitaji hatua 2,699, ya mwisho ikiwa 4,073 yenyewe. Kugawa kwa namba tasa kulitosha kwa majaribio 52. Njia ya Fermat inang'ara pale vigawo viwili vinapokaribiana, na vyetu vimeachana mno.

## Kompyuta, na maswali ya pembezoni

Kompyuta inaiandikaje?

Kwa sifuri na moja: 111001101010111101101. Ni tarakimu 21, moja zikiwa 14 na sifuri 7.

Ni kweli namba za aina hii ndizo zinazolinda siri kwenye intaneti?

Za aina hii, ndiyo; za ukubwa huu, hapana. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa Marekani, walibuni mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi, kuzitenganisha tena ni vigumu mno zikiwa kubwa. Mfumo huo unaitwa RSA kwa herufi za majina yao. Funguo za leo kwa kawaida huwa na tarakimu 2,048 za sifuri na moja. Yetu ina 21. Simu ya mkononi inaivunja kufumba na kufumbua.

Bado inafaa kwa kufundishia. Katika mfumo huo unahitaji kujua ni namba ngapi, kuanzia 1 hadi namba yako, ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1. Kwa yetu ni 238 × 7,906 = 1,881,628. Mtu akikuibia hesabu hiyo, amekuibia na vigawo: 1,889,773 + 1 − 1,881,628 = 8,146, ambayo ni jumla ya 239 na 7,907. Ukiijua jumla na zao, namba mbili umeshazipata.

Je, namba hii ina siri ya falaki, nuksi au baraka?

Nimeulizwa mara nyingi na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo najibu wazi: hapana. Sifa zote za ukurasa huu ni za namba, si za watu waliohesabiwa. Tazama tena swali la mtu mmoja kupungua. Sifa zinazobadilika kabisa kwa kuzaliwa mtoto mmoja haziwezi kubeba habari ya nchi. Anayetaka habari za watu azitafute kwenye umri, elimu na makazi yaliyomo katika taarifa za sensa.

Watu wameongezeka tangu 2022. Sifa hizi zimepitwa na wakati?

Idadi ya watu imebadilika, naam. Lakini 239 × 7,907 itakuwa 1,889,773 siku zote.

Nipe namba nyingine ya nyumbani nijaribu.

Chukua Mkoa wa Mjini Magharibi: 893,169. Tarakimu zake zinajumlika 36, kwa hiyo toa 9 kwanza, utabaki na 99,241. Kipeuo chake cha pili kinazidi 315 kidogo, basi namba tasa ya mwisho utakayojaribu ni 313. Ukizipita zote bila kupata kigawo usidhani umekosea: 99,241 ni tasa.

Ukimaliza hiyo, fanya Kaskazini Unguja, 257,290, na Kusini Unguja, 195,873. Kisha jumlisha mikoa mitatu na uhakikishe unapata ile 1,346,332 ya juu.